Ukisafiri, Mbwa Abaki kwa Nani?

Likizo ya Desemba inakaribia, na barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja: mbwa abaki wapi. Mjini mtu ana vituo vya kuchagua. Shamba mara nyingi kipo kimoja au viwili, na kimoja kati ya hivyo ni mabanda matatu nyuma ya nyumba ya mtu anayependa mbwa. Ndiyo maana tumewapa nafasi kubwa walioandika kutoka vijijini na kwenye miji midogo. Barua tumezifupisha.

Tunasafiri wiki tatu kwenda Songea na tuna mbwa mmoja, shepadi wa kilo 28. Vituo viko viwili. Cha kwanza kiko kilomita nne kutoka nyumbani, kimepakwa rangi vizuri na kina bango kubwa. Cha pili kiko kilomita 25, kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, bango hakina. Nawezaje kukagua bila kuonekana namdharau mwenye kituo?
*Msomaji, Karatu*

Kukagua si dharau. Mwenye kituo anayejua kazi yake amezoea, na wengine hushangaa mteja anapoacha mbwa bila kuuliza chochote. Kinachofaa kuchagua kwa uangalifu ni saa ya kwenda. Ukifika saa nne asubuhi, kila banda limeshapigwa maji. Omba kwenda saa moja asubuhi kabla ya usafi, au jioni wakati wa chakula. Hapo utaona kinyesi kililalaje usiku, vyombo vya maji vina nini ndani, na mbwa wanampokeaje mhudumu anapofungua geti. Mbwa anayejibanza ukutani akimwona mtu wa chakula anakwambia mengi kuliko bango. Ukiambiwa wageni wanaishia ofisini, rudi nyumbani. Lakini ukiambiwa ukanyage kwanza kwenye beseni la dawa na usiguse mbwa wa watu, usikasirike, hiyo ni dalili njema.

Anza na sakafu. Iwe ya saruji iliyosuguliwa laini, isiyo na nyufa. Sakafu ya udongo inaonekana rafiki kwa mbwa, ila kirusi cha pavo, kinachowaharisha mbwa damu, kinaweza kukaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka, na mabuu ya minyoo ya safura yanaupenda udongo wenye unyevu. Udongo hauoshwi. Mteremko unaofaa ni kama sentimita mbili kwa kila mita. Chukua chupa ya maji, mwaga kidogo nyuma ya banda, tazama yanaelekea wapi. Hapa ndipo mafundi wetu wengi hukosea: mteremko wanaupata, halafu mfereji wanaupitisha ndani ya mabanda yote kwa mstari mmoja, hivyo mkojo wa mbwa wa banda la kwanza unapita miguuni mwa wa pili, wa tatu na wa nne. Leptospira, bakteria wanaoshambulia figo na ini, husambaa kwa mkojo. Mfereji uwe nje ya mabanda, na kila banda limwage lenyewe.

Uliza wanaoshea nini. Dawa zile nyeupe zenye harufu kali ya hospitali zinaridhisha pua, lakini nyingi haziui pavo. Jiki inaua, kwa sharti kwamba kinyesi na uchafu vimeondolewa kwanza kwa maji na sabuni, kwa sababu jiki ikikutana na uchafu nguvu yake inaishia hapo. Nusu lita ya jiki ya kawaida ya dukani kwenye ndoo ya lita 10 inatosha. Iachwe sakafuni dakika 10 ndipo isuuzwe. Mhudumu akikujibu kwa vipimo kama hivyo, ujue anafanya. Akisema "tunaweka kidogo", tazama kona za banda mwenyewe.

Ukubwa: kwa mbwa wa kilo 28, chumba cha kulala kisipungue mita 1.2 kwa 1.5, na mbele yake kuwe na uwanja mdogo wa upana huohuo, urefu wa mita tatu. Kati ya banda na banda kuwe na ukuta mzima hadi urefu wa mita 1.2 au zaidi. Mbwa wanaotazamana kupitia wavu mchana kutwa hubweka hadi sauti inakauka, na kikohozi cha mmoja kinafika kwa jirani moja kwa moja. Paa la bati lililo chini ya mita mbili, bila dari, hugeuza banda kuwa tanuri ifikapo saa saba. Simama ndani mwenyewe saa hizo ukiweza.

Komeo la kawaida la kuinua mbwa hulifungua kwa pua. Liwe na klipu au kufuli. Na kituo kiwe na mageti mawili, la banda na la ua, ili mbwa akichomoka kwenye la kwanza akutane na la pili. Mbwa aliyetorokea kijiji asichokijua hakimbilii kwenu. Hukimbia tu, na huko kuna barabara, mitego na watu wasiomjua.

Sasa maswali ya watu. La kwanza: nani analala hapa usiku, na chumba chake kiko wapi? Jibu "mlinzi anapita" halitoshi. Mtu awe karibu kiasi cha kusikia mbwa akitapika. La pili: simu inashika hapa? La tatu: daktari wenu wa mifugo ni nani, na saa nane usiku mnamfikiaje, kwa gari gani? Omba namba ya huyo daktari umpigie mwenyewe, umuulize mara ya mwisho alifika lini kumwona mbwa pale. Vituo kadhaa hutaja jina la daktari ambaye hata njia ya kwenda kwao haijui.

Kuhusu vituo vyako viwili: umbali wa kuhesabu ni kutoka kituoni hadi kwa daktari. Wa kutoka kwako hadi kituoni utauendesha mara mbili tu. Shamba la ng'ombe wa maziwa kwa kawaida hutembelewa na daktari mara kwa mara, na hiyo ni faida kubwa. Hasara zake ni kupe, dawa za kuogeshea ng'ombe zinazoachwa wazi, na nyama za mizoga. Kwa mtazamo wetu, kama shambani kuna mtu anayelala karibu na mabanda na kilomita nne hakuna, nenda kilomita 25.

Jambo la mwisho: mlaze hapo usiku mmoja au mbili, wiki chache kabla ya safari. Kama hatakula kabisa au atajichubua pua kwenye wavu, ni heri ujue Novemba.

Kituo cha huku kwetu hakiombi kadi ya chanjo. Wanasema wanaamini wateja wao. Wangu nilimchanja kichaa cha mbwa juma lililopita, naweza kumpeleka?
*Msomaji, Babati*

Wasioomba kadi yako hawakuomba ya wengine pia. Hilo peke yake linatosha kukitilia shaka kituo.

Chanjo ya kwanza ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia umri wa miezi mitatu, na kinga huhesabiwa kuwa imekamilika baada ya wiki nne hivi. Juma moja ni mapema kama hajawahi kuchanjwa. Kama ni ya kurudia na haikuchelewa, hakuna shida. Mbali na kichaa, kadi ionyeshe chanjo ya mchanganyiko ya distempa (kirusi kinachoshambulia mapafu na ubongo), pavo na homa ya ini ya mbwa, na leptospira ikipatikana. Kikohozi cha banda nacho kina chanjo, ya tone puani hufanya kazi ndani ya siku tatu hivi, ingawa vijijini ni adimu. Mtoto wa mbwa asilazwe kituoni kabla hajamaliza mfululizo wake wote, ambao dozi ya mwisho huangukia karibu wiki ya 16, na uongeze wiki mbili juu yake.

Uliza pia chanjo ilihifadhiwaje. Inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Kichupa kilichosafiri mfukoni kwenye bodaboda toka Arusha juani kinaweza kukupa stika ya kubandika kwenye kadi na kinga kidogo sana.

Na kwenu huko mpakani mwa hifadhi distempa si ya kuchezea. Mwaka 1994 iliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijiji vya kandokando walihusishwa na kuingia kwake.

Mbwa alirudi kutoka bandani mzima, anaruka. Siku ya 12 akaanza kulala tu, hali chakula, fizi nyeupe, mkojo rangi ya chai ya rangi. Mwenye kituo anasema ameugulia kwangu kwa hiyo hahusiki. Kweli? Na nimeambiwa dukani nimchome dawa ya ng'ombe ya nagana, ugonjwa wa mbung'o.
*Msomaji, Monduli*

Usimchome chochote kabla daktari hajamwona, na aonekane leo, si kesho.

Dalili ulizotaja zinafanana sana na babesia, homa inayoletwa na kupe na kuvunja chembe nyekundu za damu. Ndiyo maana fizi zinapauka na mkojo unabadilika rangi. Kati ya kuumwa na kupe na kuugua hupita kati ya siku 10 na 21 kwa kawaida, kwa hiyo hesabu haimtoi mwenye kituo. Pia haimfungi moja kwa moja, maana kupe anaweza kuwa alitoka nyasi za nyumbani kwako wiki hiyohiyo ya kurudi. Tone la damu kutoka ncha ya sikio chini ya hadubini mara nyingi hutoa jibu ndani ya nusu saa.

Dawa ya unga ya nagana inayouzwa madukani kwa ajili ya ng'ombe, diminazini, kweli hutumika pia kwa mbwa wenye babesia. Tatizo ni kwamba kati ya dozi inayoponya na inayoua, nafasi kwa mbwa ni ndogo mno. Ikizidi, au ikirudiwa mapema, huvujisha damu kwenye ubongo: mbwa anaanza kuyumba, macho yanachezacheza, anakufa siku moja au mbili baadaye na mwenyewe anadhani ugonjwa ulimshinda. Pakiti imeandikwa kwa kilo 300 za ng'ombe, na muuza duka anakadiria kwa jicho. Dawa nyingine ya babesia, imidokabu, ina usalama zaidi, nayo ni ya kuchomwa na anayejua uzito halisi wa mbwa. Kama ni elikia, homa nyingine ya kupe, matibabu ni doksisaiklini kwa siku 28. Watu huacha siku ya tano mbwa akianza kula, kisha ugonjwa unarudi baada ya miezi ukiwa umeingia kwenye uboho.

Kwa safari ijayo: mpe kinga ya kupe kabla hajaondoka, usingoje arudi. Vidonge vya kutafuna, vya mwezi mmoja au vya miezi mitatu, ndivyo vya uhakika zaidi, vipatikane tu. Kituoni angalia kuta kwa juu. Kupe wa kahawia wa mbwa hupanda, hutagia mayai kwa maelfu kwenye nyufa za kuta na chini ya boriti, na anaweza kumaliza maisha yake yote bandani bila kuona jani. Pitisha kijiti kwenye ufa karibu na dari. Ukitoa kupe wadogo kama mbegu za ufuta, hilo ni banda lililokwisha shikwa, na kumwogesha mbwa mmoja mmoja hakutalisafisha. Na usikubali mbwa wako aogeshwe kwa dawa ya josho la ng'ombe iliyokorogwa kwa kukisia.

Kituo kinasema chakula ni juu yao: ugali wa dona na "mabaki ya buchani". Mbwa wangu amezoea chakula cha mfuko. Kuna madhara?
*Msomaji, Narok*

Madhara yako ya aina tatu.

La kwanza ni dogo: kubadili chakula ghafla huharisha. Kubadilisha kunataka siku saba hivi, robo ya kipya siku mbili, nusu siku mbili, robo tatu siku mbili, kisha chote. Njia nyepesi ni kupeleka chakula chake. Mbwa wa kilo 25 anakula karibu gramu 300 hadi 350 za chakula kikavu kwa siku, soma mfuko wako. Kwa siku 21 weka kilo nane, na zidisha kidogo kwa ajili ya kuchelewa kwako. Kipime kwenye mifuko midogo ya siku moja moja na uandike jina. Ukikabidhi gunia zima, mbwa wote wa kituo watalifaidi.

La pili ni dona lenyewe. Mahindi yaliyoota ukungu yana sumukuvu, na kupika hakuiondoi. Mbwa ni dhaifu sana kwa sumu hii: ini linaharibika, macho na fizi vinakuwa njano. Kenya haijasahau mwaka 2004, watu zaidi ya 100 walipokufa kwa mahindi ya namna hiyo, wengi Ukambani. Mahindi yanayokataliwa kwa watu ndiyo huishia kwa mbwa, hivyo omba kuuona mfuko wa unga. Ukinusa uvundo au ukiona mabonge ya kijani, basi.

La tatu ndilo kubwa, ugonjwa wa malengelenge ya tegu (hidatidi), hasa kwenu Umaasaini, na kwa wasomaji wetu wa Turkana, ambako ugonjwa huu umekithiri kuliko sehemu nyingi duniani. Mapafu na maini ya kondoo na mbuzi huwa na malengelenge yaliyojaa maji. Ndani yake kuna mbegu za mnyoo mdogo wa tegu. Mbwa akiyala mabichi, minyoo inakomaa tumboni mwake, na baada ya wiki sita au saba anaanza kutoa mayai kwenye kinyesi. Mbwa haonyeshi chochote. Anayeumia ni mtoto anayemkumbatia, kwa sababu mayai yakiingia kinywani hukua malengelenge hayohayo kwenye ini au mapafu ya mtu, taratibu kwa miaka, hadi upasuaji. Sharti kwa kituo liwe hili: hakuna mapafu wala ini bichi, kila kitu cha buchani kichemke nusu saa. Akirudi mpe dawa ya minyoo yenye prazikwanteli. Dawa nyingi za kawaida za minyoo hazimgusi tegu huyo.

Maji: mililita 60 kwa kila kilo kwa siku ni wastani wa kuanzia, yaani lita moja na nusu kwa mbwa wa kilo 25, na joto likipanda huongezeka sana. Chombo kiwe kizito au kifungwe kwenye wavu. Sufuria nyepesi hupinduliwa saa mbili asubuhi, na mbwa anakaa na kiu hadi jioni.

Kituo kiko kando ya msitu na chui wanasikika. Mwenyewe ameweka wavu mzuri wa futi sita. Unatosha?
*Msomaji, Nanyuki*

Hautoshi. Chui anaruka futi sita bila kujikusanya, na mbwa ni mawindo anayoyapenda. Banda la kulala lifunikwe juu pia, kwa weldimeshi yenye waya wa milimita tatu au zaidi na matundu ya sentimita tano, imefungwa kwenye fremu ya chuma. Wavu wa kuku hata mbwa mwenyewe anauchana. Chini kuwe na zege au wavu uzikwe sentimita 50, kwa ajili ya fisi anayechimba. Jua likizama mbwa wote wawe ndani ya chumba chenye ukuta na mlango. Kutegemea taa ni kujidanganya, chui anazizoea kwa siku chache.

Uliza pia kuhusu nyoka: nyasi za kuzunguka mabanda zifyekwe, na vyakula vifungiwe visivute panya. Mbwa akitemewa na swila, macho yaoshwe kwa maji mengi dakika 15 papo hapo. Akiumwa na moma, abebwe, asitembezwe, apelekwe kwa daktari. Kukata kidonda, kufunga kamba, jiwe jeusi, vyote vinapoteza muda.

Mbwa wetu alirudi na vijipu vyenye tundu katikati, na ndani kuna kitu kinachezacheza.
*Msomaji, Mkuranga*

Ni mabuu wa nzi wa embe. Nzi huyu hutaga kwenye mchanga wa kivulini au matandiko yaliyolowa mkojo, na mabuu hupenya ngozi ya mbwa akilala. Paka mafuta mazito ya mgando juu ya tundu, subiri buu akose hewa ajitokeze, mbane taratibu kwa vidole viwili toka pembeni. Usimpasue ndani. Kwa ukanda wa pwani chagua kituo chenye vitanda vya kuinuka sentimita 15 toka chini, na matandiko yanayoanikwa juani hadi yakauke kabisa au kupigwa pasi. Mabanda yenye mchanga wa bahari, yanavyopendeza kwa macho, yaepuke.

Jike wangu huenda akaingia joto nikiwa safarini. Nimwambie mwenye kituo?
*Msomaji, Lushoto*

Mwambie, hata kama atakukatalia. Joto huchukua wiki tatu hivi, na hurudi kila baada ya miezi sita au zaidi. Madume wa kijiji kizima watalala nje ya uzio, na wa ndani watapigana. Kama kituo hakina banda lenye ukuta pande zote na paa, ahirisha au mwache nyumbani. Mimba ni siku 63, utahesabu mwenyewe ilikotoka.

Hawa wangu ni mbwa wa kienyeji wawili, hawajawahi kufungiwa wala kuvaa kola. Mke wangu anasema tuwapeleke kituoni kama wenzetu. Mimi naona jirani awaletee chakula. Nani yuko sahihi?
*Mzee, Iringa vijijini*

Shikamoo mzee. Kwa mbwa wa namna hii tuko upande wako, kwa masharti. Mbwa aliyezaliwa akizunguka ua ukimtia bandani ghafla, huacha kula, anatafuna mlango hadi jino linavunjika, au anaruka uzio usiku wa kwanza. Nyumbani anajua harufu, anajua kazi yake. Lakini "jirani atawaangalia" si mpango. Jirani huja siku nne za kwanza, ya tano ana msiba.

Mlipe. Kiasi chochote mtakachokubaliana, nusu mkiondoka na nusu mkirudi, kinageuza hisani kuwa kazi. Aanze kuwalisha yeye wiki nzima mkiwa bado nyumbani, kwa sababu mbwa wa ulinzi anaweza kumkataa getini mtu aliyemzoea kumwona akiwa na wewe tu. Awe na msaidizi wa pili anayejulikana kwa mbwa. Aje mara mbili kwa siku, na maji yawekwe vyombo viwili sehemu mbili tofauti. Ondoa sumu ya panya na dawa za shamba kabisa, sio kuziinua juu ya kabati. Wezi hurusha nyama yenye sumu wakijua mwenye nyumba hayupo, hivyo mbwa walishwe ndani ya ua nyuma ya nyumba, na ikiwezekana walale humo. Mkiwa na wiki mbili za maandalizi, wazoesheni kola. Mbwa akiugua, mtu asiyeweza kumshika hawezi kumpeleka kokote.

Mama naye ana hoja katika jambo moja: wakati kampeni za kuua mbwa wazururaji zinapotangazwa wilayani, mbwa asiye na kola na asiye na mwenyewe nyumbani yuko hatarini. Mwezi huo wafungieni, nyumbani au kituoni.

Tuandikiane nini na mwenye kituo? Huku kwetu mambo ni ya kuaminiana.
*Msomaji, Mbozi*

Karatasi moja inatosha, na kuaminiana kunabaki palepale. Iandikwe: tarehe ya kuleta na kuchukua, uzito wa mbwa siku ya kumleta (mpime kwa mizani ya magunia mbele ya wote wawili), alama na makovu aliyonayo, chakula na kipimo, dawa na saa zake. Iandikwe nani ana ruhusa ya kumchukua. Muhimu kuliko vyote, kifungu cha matibabu: kwamba kituo kimwite daktari bila kukusubiri simu, na kwa gharama isiyozidi kiasi fulani. Bila hicho, mhudumu atakaa na mbwa anayetapika damu toka saa tatu usiku akikutafuta hewani, nawe uko ndani ya basi, simu haina chaji.

Weka pia kifungu cha kung'ata. Mbwa wako akimng'ata mtu kituoni, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, mtu aende hospitali siku hiyohiyo, na mbwa afungiwe akichunguzwa siku 10. Asiuawe haraka, kwani akiwa hai na mzima siku ya 10, hakuwa na kirusi mateni alipong'ata. Na pale kituoni pawe na nakala ya kadi yake ya chanjo, si picha iliyobaki kwenye simu yako.

Siku ya kumchukua mpime tena kwa mizani ileile. Kupungua kilo moja kwa mbwa wa kilo 25 ndani ya wiki mbili ni kawaida ya mawazo. Kilo tatu ni njaa au ugonjwa, daktari amwone. Mpapase masikio, kwapa na katikati ya vidole papo hapo kituoni, kupe akionekana mwonyeshe mwenyewe na muandike kwenye karatasi ileile. Nyumbani mpe nusu ya chakula jioni ya kwanza na maji kidogo kidogo, akifakamia vyote kwa pamoja atatapika. Kwa wiki tatu zinazofuata angalia fizi kila asubuhi: bonyeza kwa kidole, ziwe nyeupe, kisha zirudi pinki kabla hujahesabu mbili.